Jinsi ya Kuuza Stesheni Wagoni la Zamani Ambalo Hujalimaliza: Mwongozo Kamili kwa Muuzaji wa Dar es Salaam

Mnunuzi wa projekti, yaani gari ambalo halijamalizika, hanunui gari. Ananunua kazi iliyobaki, na bei atakayokupa inategemea kama kazi hiyo anaiona au anaikisia. Akiikisia, atakisia kwa kujihami, na kila shilingi anayojihami nayo inatoka mfukoni mwako. Karibu kila ninachokuelekeza hapa chini kina lengo moja: mtu aje, aangalie, aondoke akijua kilichobaki ni nini na kitamgharimu kiasi gani.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Peugeot 504 stesheni iliyong'olewa injini yake na kufungwa 1G-FE, ile silinda sita ya Toyota inayokuja na saluni za GX100 na GX110. Kama lako ni Corolla DX, Volvo 240 au Benz W123, utaratibu haubadiliki. Kinachobadilika ni ugumu wa spea.

Limalize, liuze zima, au lichinje?

Amua hili kabla hujapiga picha hata moja.

Kumaliza ili uuze kwa bei ya juu mara nyingi hakulipi. Rangi mpya, siti za kushonwa upya na dashibodi ya kisasa vinakula fedha ambayo mnunuzi hairudishi yote, maana kila mtu ana rangi yake kichwani. Ninachoruhusu ni kimoja tu: kama kilichobaki ni kidogo na ndicho kinachozuia gari kuwaka au kusukumika, kimalize. Gari linalowaka, hata kama halina bampa, huvuta watu wengi kuliko gari lililopakwa rangi na kimya.

Kuchinja, yaani kulifungua na kuuza vipande, ni hesabu ya kufanya hata kama huna nia nayo. Injini na gia boksi ya GX hupata mteja haraka, kwa sababu magari hayo yamejaa mjini. Rimu nzuri nazo hazilali. Kinachobaki kinaenda kwenye mizani ya chuma chakavu. Jumlisha vitu hivyo kwa bei ya kuuza leo, si bei uliyonunulia, kisha toa gharama ya fundi wa kufungua. Utakachopata ndiyo bei ambayo chini yake huna sababu ya kuliuza zima. Iandike mahali, usimwambie mtu.

Hata hivyo, bodi ya 504 stesheni yenye afya kwenda kwenye mizani ni hasara kwa kila mtu. 504 ilianza kutoka mwaka 1968 na ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969. Stesheni ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndefu kuliko saluni: kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.90, wakati saluni ni 2.74. Nyuma ina koili springi mbili kila upande, na nyingine zilikuja na safu ya tatu ya siti. Ndiyo maana Kenya zilibeba abiria wa masafa marefu miaka na miaka. Leo kuagiza gari zee kutoka nje kunabanwa na ushuru wa ziada wa uchakavu, hivyo lililosajiliwa hapa tayari na lenye karatasi safi lina thamani ambayo bati lenyewe halina.

Karatasi kwanza, sabuni baadaye

Watu wengi huanza kwa kuosha gari. Anzia kwenye kadi.

Chukua kadi ya gari na kurunzi, nenda nayo mpaka lilipo gari. Soma namba ya chasisi kwenye chuma chenyewe, tarakimu kwa tarakimu. 504 haina chasisi inayojitegemea. Bodi ndiyo chasisi, na namba imegongwa kwenye bati. Gari lililokaa Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, ambako upepo wa bahari haukomi, namba hiyo hujificha chini ya kutu na matabaka ya rangi. Ilowanishe kwa mafuta ya taa, isugue taratibu kwa brashi laini. Usipeleke grainda wala msasa mkali hapo, kwa sababu alama za kuparuza kwenye namba ya chasisi zinamfanya kila anayeziona ahisi gari la wizi. Ikishaonekana, laza karatasi nyepesi juu yake, pitisha penseli kwa ubavu mpaka herufi zijitokeze. Karatasi hiyo itunze pamoja na kadi.

Ukishamaliza hapo, utajikuta katika hali mojawapo kati ya hizi.

Kadi ina jina lako, chasisi inalingana, ila injini hailingani. Hii ndiyo hali ya kawaida kwa gari lililobadilishwa. Kadi inasema 1971 cc, silinda nne. Ndani kuna 1988 cc, silinda sita. Ukubwa unakaribiana, lakini namba ya injini ni nyingine kabisa. Njia sahihi ni kubadili taarifa za gari TRA, na hapo gari hukaguliwa na utatakiwa kuonyesha injini ulipoipata. Tafuta ile risiti. Risiti ya EFD ina nguvu. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono pale Gerezani ni bora kuliko mdomo mtupu. Kama gari halijafikia hatua ya kukaguliwa, usilazimishe. Sema wazi kwenye tangazo kwamba injini haijaingizwa kwenye kadi, na kwenye mkataba andika nani atashughulikia na kwa gharama ya nani. Mnunuzi anavumilia kazi ya ofisini akiambiwa mapema. Akiigundua mwenyewe akiwa ameshalipa, mtaonana polisi.

Kadi ina jina la aliyekuuzia, au la aliyemuuzia yeye. Mtafute sasa, wakati hana haraka na wewe huna mteja anayekungoja. Mwenye jina kwenye kadi akishasikia kuna mteja mezani, saini yake nayo inapata bei.

Kadi ina jina la marehemu. Kwa magari ya umri huu ni jambo la kila siku: gari lilikuwa la baba, baba hayupo, mtoto mmoja akalichukua akalifanyia projekti kwa fedha yake. Fedha uliyoweka haikufanyi kuwa mmiliki. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya usimamizi ndiyo itakayotakiwa kwenye uhamisho. Kaa na ndugu zako kabla ya tangazo, si baada. Shangazi akiona gari la kaka yake linauzwa Instagram, biashara imeishia hapo.

Kadi imepotea. Polisi kwa taarifa ya kupotelewa, kisha TRA kwa kadi mpya. Inachukua muda, kwa hiyo usitangaze kabla.

Halafu madeni. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile iliyozoeleka kama rodi laisensi, ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, kwa hiyo ile hofu ya gari lililolala kurundika deni la kila mwaka haina nguvu kama zamani. Faini za trafiki na ada za maegesho bado zinafuata namba ya gari. Angalia kwa namba yako, lipa, hifadhi uthibitisho.

Lipo gerejini? Malizana na fundi wako

Gari likiwa kwenye kiwanja cha fundi, kuna deni ambalo halijaandikwa popote: kazi ya miezi ile, nauli ya kufuata spea, na "kukulindia gari". Kaeni, hesabuni, lipa au kubalianeni kwa maandishi kwamba atalipwa gari likiuzwa. Fundi aliyenuna anaweza kuua biashara kwa sentensi moja mbele ya mteja.

Siku hiyohiyo hesabu spea zako. Spea za projekti iliyolala zina tabia ya kuhamia kwenye gari jingine: leo alternata imeazimwa, kesho rejeta. Ukiweza, hamishia gari kwako. Kama haiwezekani, hamishia walau maboksi ya spea.

Daftari la kazi iliyobaki

Hii ndiyo sehemu itakayokuletea fedha, na ndiyo watu wanayoiruka. Chukua daftari la kawaida, pita gari lote na fundi bodi, fundi umeme na makanika, na kila kitu kiingie kwenye moja ya mafungu manne: kimekamilika; kimefanywa nusu; hakijaguswa; hatujui. Fungu la nne usilione haya. Kuandika "hatujui hali ya gia boksi, haijawahi kutembea barabarani" kunajenga imani kuliko "gia boksi safi".

Kwa 504 yenye 1G-FE, mambo haya lazima yawemo, na mnunuzi anayeijua gari hii ataanza nayo:

Shafti na difu. Kwenye 504 huioni shafti ya kati. Imo ndani ya bomba linalotoka kwenye gia boksi mpaka kwenye difu, na bomba hilo pia linaizuia difu isijipindue ukikanyaga mafuta. Ukifunga gia boksi ya Toyota, bomba linaondoka. Je, difu imeshikwa na nini sasa? Mmechomelea mikono mipya? Mmeweka difu ya Hilux pamoja na springi zake? Nati za rimu za mbele na za nyuma zinafanana? Andika, na upige picha chini ya gari. Kama jibu ni "bado", liandike mstari wa kwanza kabisa.

Injini kukaa. Injini ya asili ya petroli ya 504 imelazwa upande, nyuzi 45, na ni fupi. 1G-FE ni silinda sita kwa mstari mmoja, ndefu. Kwa hiyo kuna mahali pamesogezwa: rejeta imeenda mbele, bati limekatwa, pengine hata bomba la usukani limekwepeshwa. Chochote kilichokatwa na kuchomelewa upya karibu na usukani, breki au mahali shokapu za mbele zinapojishika, kitaje kwa jina na useme nani alichomelea. Hili si suala la bei peke yake. Mtu atapanda humo na watoto.

Mafuta. Gari la kabureta lina pampu ya nguvu ndogo inayoendeshwa na injini. 1G-FE ni ya nozo, inataka pampu ya umeme yenye presha kubwa na mara nyingi bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi. Kama kwa sasa injini inanyonya kutoka kwenye dumu lililofungwa kwenye boneti, sema hivyo. Inawaka, ndiyo, lakini bado ni kazi.

Umeme. Kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, ipo? Wayaringi ni nzima au imekatwa ikaungwa kwa solatepu? Picha moja ya waya zilizoning'inia chini ya dashibodi inasema zaidi ya aya nzima. Kama una boksi la waya lililotoka kwenye gari mama, lile lililotoa injini, pamoja na plagi zake zote, hilo ni dhahabu. Litaje peke yake.

Breki, ekzosi, geji za dashibodi, taa. Mstari mmoja kila kimoja unatosha.

Bodi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa chembamba isikwaruze, ipitishe chini ya milango, mahali unapokanyaga ukiingia, sakafu ya mbele, ndani ya mabawa ya mbele, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na shimo la spea tairi. Inaposhika ni bati. Inapoteleza ni fila, ile lipu ya kuzibia bati. Zungushia chaki kila inapoteleza, piga picha na chaki hivyohivyo, kisha ndipo ufute. Utaona ni ajabu muuzaji kuchora ubovu wa gari lake mwenyewe. Lakini mnunuzi anakuja na sumaku yake, na akikuta umeshamtangulia, ataacha kutafuta.

Daftari likikamilika, mwombe kila fundi akupe makadirio ya maandishi ya kumaliza sehemu yake, kazi peke yake na vifaa peke yake. Karatasi tatu za mafundi watatu zinatosha kuzima nusu ya ubishi wa bei.

Maboksi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tenga boksi kwa kila eneo: injini, umeme, ndani, milango na vioo, breki. Boliti ziingie kwenye mifuko ya plastiki iliyoandikwa kwa maka zimetoka wapi. Mfuko wa boliti usio na jina ni uchafu tu kwa mnunuzi.

Vya stesheni peke yake vitenge mbali na vingine: vioo virefu vya pembeni nyuma, mlango wa nyuma na vishikio vyake, taa za nyuma, siti ya safu ya tatu kama ipo, mazulia ya sehemu ya mizigo. Saluni haitakusaidia kuvipata. Vioo hivyo vifunge kwa blanketi na uvilaze ndani ya nyumba. Kikipasuka kimoja wiki ya kuuza, utajua bei yake kwa mara ya kwanza. Na injini ya asili, kama bado unayo, iuze pamoja na gari hata kama imekufa, maana kuna mnunuzi anayetaka kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani.

Lisukumike, liwake

Tairi nne zenye upepo, usukani unaogeuka, breki inayoshika angalau kidogo. Gari lililo juu ya matofali linapoteza wateja wanaofikiria gharama ya kulitoa. Weka betri yenye chaji, badilisha mafuta ya petroli yaliyolala, na kama injini inawaka, iwashe mara kwa mara wiki hiyo. Siku mteja anakuja usiiwashe kabla hajafika. Mwache aguse boneti aone ni baridi, ndipo awashe mwenyewe.

Panga pia msimu. Machi hadi Mei, wakati wa masika, uwanja unajaa maji, bati linalia, na hakuna anayelala chini ya gari kuangalia difu. Juni hadi Septemba ni muda mzuri.

Bei

Sahau ulichotumia. Najua inauma. Risiti zako zinathibitisha spea ni halali, lakini haziwekei gari bei.

Hesabu ninayoiamini ni hii, kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme gari kama hili likikamilika na kutembea linauzika milioni 20. Karatasi za mafundi zinasema kilichobaki ni milioni 8. Toa tena milioni 2 hadi 3 kwa ajili ya yasiyojulikana na usumbufu, kwa sababu hakuna mtu anayemaliza projekti ya mwenzake ili asibakize hata senti. Unabaki na milioni 9 hadi 10. Hesabu yako ya kuchinja ilikupa, tuseme, milioni 6. Basi tangaza milioni 10 na nusu, moyoni uwe na 9, na ofa ya 5 iliyokuja na maneno matamu ijibu kwa adabu kisha endelea na shughuli zako.

Kama kuchinja kunakupa zaidi ya kuuza zima, soko limekujibu. Lakini kabla hujalikata, jaribu njia ya kati: toa injini na gia boksi, uza bodi na karatasi kwa mtu anayetaka 504 ya asili. Mara nyingine vipande viwili vikubwa vinalipa kuliko gari moja au vipande hamsini.

Picha na tangazo

Piga asubuhi au saa kumi alasiri, gari likiwa limeoshwa lakini halijapakwa mafuta ya kung'arisha. Pembe nne, ndani, injini, chini, kila sehemu yenye kutu, maboksi yakiwa yamefunguliwa, na video fupi isiyokatwa ya kuwasha kuanzia ufunguo hadi ekzosi. Kadi usiipige picha. Mteja ataiona akija.

Tangazo lenyewe lisiwe na mbwembwe. Kitu kama hiki:

"Peugeot 504 stesheni, projekti haijakamilika. Kadi ipo, jina langu, chasisi inalingana. Injini imebadilishwa: 1G-FE ya GX110 na gia boksi yake ya otomatiki, haijaingizwa kwenye kadi, risiti ipo. Inawaka, haitembei: shafti na pampu ya mafuta bado. Umeme nusu. Kutu: sakafu ya dereva na chini ya milango miwili, picha zipo. Vioo vyote vya nyuma vizima. Injini ya asili inaambatana. Orodha ya kazi iliyobaki na makadirio ya mafundi natuma kwa aliye tayari kuja kuona. Lipo Tabata. Milioni 10.5, maongezi yapo mbele ya gari."

Sentensi ya mwisho itakuokoa na "mwisho ngapi bosi?" za usiku kucha. Si zote, lakini nyingi.

Nani ananunua, na dalali

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Projekti haijiuzi, inabidi itembezwe, tena kwa watu sahihi. Mpenzi wa magari ya zamani anaangalia bodi na karatasi. Injini ya Toyota inaweza hata kumkera. Kijana wa magari ya kufanyia madoido anataka injini na umeme, kutu haimsumbui. Fundi anahesabu spea. Halafu kuna wanaotaka sura: mwenye mgahawa, wapiga video, wa magari ya harusi. Hao wa mwisho wanaweza kulipa vizuri kwa gari lenye mwili mzuri na injini mbovu, kwa hiyo usiwasahau. Tuma tangazo kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenda magari, Instagram na Facebook, na liache kwa wauza spea wawili watatu wa Gerezani na Shauri Moyo. Mtu anayetafuta spea ya 504 amepita kwao tayari.

Dalali ni wa kumtumia, ila mpange. Mwambie bei unayotaka mkononi, kisha mkubaliane ama asilimia ama cha juu. Ukikubali cha juu, usije ukalia ukisikia ameongeza milioni. Kadi halisi haitoki mikononi mwako, ufunguo hautoki, na gari haliondoki "kwenda kuonyeshwa kwa bosi".

Siku ya kuangalia

Mchana, na mtu mwingine awepo. Mpe mteja daftari kabla hajalizunguka gari, kisha nyamaza. Muuzaji anayeongea sana anaonekana anaficha. Akikuuliza kitu kisichomo, jibu, na uongeze kwenye daftari mbele yake.

Ubishi wa bei ukianza, urudishe kwenye karatasi.

"Shikamoo mzee. Gari nimelipenda, lakini kutu hii jamani. Milioni sita nikupe leo leo."

"Marahaba, mwanangu. Kutu hiyo imo, ukurasa wa tatu. Fundi bodi ameandika laki tisa na nusu, na mimi nimeshaitoa kwenye bei. Kuna nyingine uliyoiona ambayo haimo?"

Kama ipo, punguza kwa haki. Kama haipo, hana hoja, na mara nyingi anajua.

Fedha

Kishika uchumba kikubaliwe kwa maandishi: kiasi, tarehe ya mwisho ya kumalizia, na kama akighairi kinarudi au hakirudi. Ukishakipokea, ondoa tangazo.

Malipo kwa awamu na gari kuondoka, hapana. Kwenye projekti hatari ni kubwa kuliko kwenye gari zima, kwa sababu injini inaweza kuwa imeshafungwa kwenye GX ya mtu mwingine kabla ya awamu ya pili. Anayetaka awamu alipe, gari likae kwako hadi amalize.

Kiasi kikubwa kipitie benki, mkiwa wote mpo kama inawezekana. Kwa malipo ya simu, usiamini ujumbe uliokuja wala picha ya muamala aliyokuonyesha kwenye simu yake. Angalia salio lako mwenyewe.

Mkataba, uhamisho na makabidhiano

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na pande zote zitoe nakala za vitambulisho vya NIDA, picha ndogo na namba za TIN. Kwa projekti ongeza vifungu hivi: gari linauzwa katika hali lililonalo, halifai kutembea barabarani kwa sasa, injini yenye namba fulani si ile iliyo kwenye kadi, na nani atabadili taarifa; daftari la kazi na orodha ya maboksi ni sehemu ya mkataba, kila ukurasa umesainiwa na wote wawili. Saa na tarehe ya kukabidhi nayo iwemo.

Uhamisho wa umiliki TRA fanyeni pamoja, msiachane na ahadi ya "nitamalizia wiki ijayo". Kuna ada ya uhamisho, kuna ushuru wa stempu unaokokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, na kuna kadi mpya. Mnapewa kontroli namba, mnalipa. Amueni nani analipa nini kabla hamjafika huko. Mpaka jina libadilike, faini, ajali na lolote litakalofanywa na gari hilo vitaanza kwa kukupigia simu wewe.

Gari liondoke kwa bredauni ya kubeba mgongoni, si kwa kamba. Halina bima, taa hazijakamilika, breki ni za kubahatisha, na kulivuta kwa kamba Barabara ya Mandela mchana ni kujitafutia trafiki, au maafa. Gharama ya bredauni ni ya mnunuzi isipokuwa mmekubaliana vinginevyo.

Wakati linapakiwa, soma orodha ya maboksi kwa sauti, yeye atie alama moja moja. Vioo vya nyuma avibebe kwenye gari lake alilokuja nalo, visiwekwe juu ya bredauni. Mpe risiti zote za spea, namba za simu za mafundi watatu waliotoa makadirio kama wameridhia, na funguo zote, hata ule wa tangi la mafuta usiofungua kitu siku hizi.

Nakala ya mkataba, ya kadi ya zamani na ya orodha iliyosainiwa baki nazo wewe.